Sesheni ya Ndeshi Iliyobaki Wazi

Ndeshi, binti wa dada yangu,

Marahaba. Najua hujaniamkia, lakini wewe hukuwahi kunipita bila shikamoo, hata siku ile ulipokuwa umeninunia kwa sababu nilimwambia mchungaji kwamba mitambo ya chama cha maziwa tumeijenga wote wawili, wewe upande wa akili na mimi upande wa nguvu. Kwa hiyo naitikia tu. Marahaba, mwanangu.

Sijui barua ya namna hii inaanzia wapi. Mimi ni mtu wa maneno, unanijua. Nikishika kipaza sauti harusini, mshereheshaji huja kuninyang'anya. Kule Momela nimewaeleza watu jinsi nilivyomfokea nyati mpaka akashusha masikio akarudi msituni kwa aibu, na watu wazima na ndevu zao wakaomba niirudie ile sehemu ya masikio. Lakini siku ya maziko yako waliniita niseme neno kwa upande wa wajomba. Nilisimama, nikataja jina lako, nikakaa. Watu wakadhani naumwa. Shangazi yako mmoja akaniletea maji.

Tangu siku hiyo maneno yamenigomea. Ndiyo maana naandika.

Nianze na nyumbani. Mama yako yupo. Anakula ukimkalia hapo hapo, ukigeuka anamwachia paka. Migomba ya nyuma ya nyumba imezaa mpaka tumeiwekea miti ya kuiegemeza, na hakuna anayekata mkungu, kwa sababu aliyekuwa akisema "huu sasa, Mama" ulikuwa wewe. Kaka yako Elisante bado yuko Mtwara, kazini hawajampa ruhusa nyingine. Kwa hiyo kikao cha ukoo hakijakaa, na kwa kuwa hakijakaa, vitu vyako vyote viko kama ulivyoviacha. Nguo ziko kwenye kamba ya chumbani, viatu viko chini ya kitanda. Sweta lako la kijani liko kwenye kiti pale ofisini Tengeru. Na laptopu iko mezani hapo hapo, inawaka.

Hiyo laptopu ndiyo iliyonileta kwenye karatasi.

Unaikumbuka asubuhi ile? Sijui kama huko mnakumbuka. Nilikuja kukuletea parachichi, ukawa umeinama kwenye kioo cha hiyo laptopu, mkono mmoja umeshika kichwa. Nikakutania, "Vijana wa siku hizi, kichwa kikiuma kidogo tu mnaita gari. Mimi nilishawahi kutembea na mguu uliovunjika kutoka Kikwe mpaka hapa, na begani nina ndama." Ukacheka kidogo. Ukasema, "Mjomba, huyo ndama kila mwaka anakua." Halafu ukasimama, ukashika ukuta. Ukasema kwamba unatoka nje kupata hewa, na ulipofika mlangoni ukageuka ukaniambia, "Usiguse hiyo, kuna kitu sijamaliza. Narudi sasa hivi."

Hukurudi. Tuliokupeleka hospitali ni sisi, na tuliokurudisha ni sisi.

Basi mimi nikasimamia neno lako. Nikawatangazia wote pale ofisini kwamba meza ya Ndeshi haiguswi, kwanza kwa mila, maana vitu vya marehemu havisogezwi mpaka ukoo ukae, na pili kwa sababu mwenyewe alisema isiguswe, na mimi ndiye niliyesikia. Mwenyekiti wa chama akakubali. Karani akakubali. Mama yako alipopata habari kwamba mashine yako bado inawaka, akaanza kuja. Anapanda kutoka nyumbani na kanga yake ya msiba, anakaa kwenye kile kiti cha pembeni, anaiangalia ile taa ndogo ya kijani. Akishamaliza anaifuta vumbi kwa ncha ya kanga, bila kugusa vitufe, anaondoka. Umeme ukikatika, yale mabetri uliyoyafunga ukutani yanaishika, wala haijawahi kuzimika. Nilijisifu hata kwa hilo. Niliwaambia watu kwamba mabetri hayo niliyachagua mimi kwa kuyanusa.

Sasa sikia yaliyotokea kwenye maziwa.

Asubuhi ilikuwa inaanza vizuri kama zamani. Akina mama na wazee wanafika vituoni na madumu yao, karani anapima, anaandika lita kwenye simu, simu inapeleka habari kwenye lile boksi jeusi unaloliita seva, ambamo kuna kanzidata yenye majina yote na lita zote. Jibu likirudi, maziwa yanamiminwa kwenye tangi la baridi. Vituo vya juu vilikuwa vinapita bila shida. Kisha inafika zamu ya Kikwe, na hapo hapo simu ya karani wa Kikwe inaanza kuzunguka, ile duara ndogo, inazunguka, inazunguka. Anaifunga programu, anaifungua tena. Inazunguka. Baada ya hapo na wa kituo cha juu naye anakwama, na wa njia ya Momela naye, mpaka nchi nzima imesimama na madumu juani.

Ikawa hivyo kila asubuhi. Ikifika mchana, baada ya watu kuchoka na kurudi nyumbani, inafunguka yenyewe. Kesho yake tena.

Na mtu wa kwanza kuitwa ni nani? Si mimi niliyesema tumejenga wote? Walinifuata mpaka shambani. Mzee Nderingo, yule mwenye ng'ombe mweusi asiyekamuliwa mpaka aimbiwe, akaja na dumu lake, akalifungua mbele yangu nikasikia harufu. Akasema, "Zablon, leta mahindi tu. Maziwa mgando haya hapa, tupike loshoro." Watu wakacheka. Mama mmoja akadakia, "Tutakula loshoro mpaka Krismasi, kwa hisani ya fundi Zablon!" Na mimi nikacheka nao, nikawaambia tatizo ni dogo, ni waya mmoja tu, nautafuta.

Nikaingia ofisini, nikafunga mlango, nikasimama mbele ya lile boksi jeusi. Ndeshi, nilisimama kama ng'ombe mbele ya Biblia. Lina vitaa vinavyopepesa. Nililigonga kidogo kwa kidole. Nilipuliza vumbi. Kulizima sikuthubutu, kwa kuwa uliniambia siku ulipolileta kwamba hilo halizimwi ovyo kama redio. Basi nikakaa kwenye kiti, upande wa pili wa sweta lako, nikangoja kelele za nje ziishe.

Walijaribu kurudi kwenye karatasi. Wewe mwenyewe unajua kwa nini chama kilizitupa karatasi. Haikuchukua muda, watu wawili wa Kikwe wakashikana mashati kwa sababu ya lita za mmoja kuandikwa kwa mwingine, na mwenyekiti akasema basi. Akasema kuna watu wa mjini wana programu yao, wataileta, wataifuta hii yote. Ile kauli ya kufuta ilinikaa kifuani. Kazi yako yote, miaka yote ile ya kulala na macho mekundu, wataifuta kama ubao wa darasani.

Nikajaribu kukumbuka ulivyonifundisha. Maana ulinifundisha, hilo siongopi. Ulikuwa juu ya ngazi unapitisha waya, mimi nimeishika ngazi, nikakuuliza hizo simu zote zinaongeaje na boksi moja bila kugombana. Ukaniambia, "Mjomba, si unaujua mfereji wetu unaoshuka kutoka mlimani? Una milango mingapi ya kutolea maji?" Nikasema michache. "Kila mtu akitaka kumwagilia anachimba mlango wake mpya?" Nikasema akithubutu tunamchapa. "Basi. Na huku ni hivyo hivyo. Miunganisho iko michache, imeshachimbwa tayari. Programu inaazima mmoja, inapeleka habari yake, inaurudisha, mwingine anauchukua. Kosa la watu wengi ni kufungua na kusahau kufunga. Wanafungua mwingine, na mwingine, mpaka milango yote inaonekana ina mtu, kumbe hakuna anayemwagilia."

Nikakuuliza, na kama mtu amefungua maji halafu akaanguka shambani? Ukaning'iniza waya begani, ukanitazama. Ukasema, "Hilo ndilo swali zuri kuliko yote, Mjomba. Lazima pawe na namna ya kufunga hata kama aliyefungua ameanguka." Nilifurahi sana. Nilitembea na sifa hiyo wiki nzima, kwamba Ndeshi amesema nina swali zuri. Jibu lake sikulifuatilia.

Nikampigia simu Faraja, rafiki yako wa Sombetini uliyesoma naye chuo, yule anayeongea kama anagombana. Akaja na bodaboda, kofia ya pikipiki bado kichwani, akaanza na mimi kabla hajakaa. "Shikamoo Mjomba. Nasikia wewe ndiye injinia mkuu. Sasa injinia, umeshaangalia nani ameshika nini?" Nikamwambia nilikuwa namwachia yeye heshima hiyo. Akacheka, na mimi nikapumua, kwa kuwa ilikuwa mara ya kwanza mtu kucheka mle ndani tangu uondoke.

Akaunganisha mashine yake. Akaangalia. Akaacha kucheka.

Aliniita nikae karibu, akanionyesha mstari kwenye kioo chake. Akasema, "Mjomba, watu wote hawa wanamngoja mtu mmoja." Nikamwuliza ni karani gani huyo nikamfunze adabu. Alielekeza kidole upande wa sweta la kijani.

Ilikuwa sesheni yako, mwanangu. Ndivyo wanavyoiita kazi iliyo wazi kwenye mashine, ile uliyoifungua asubuhi ile. Faraja akanieleza polepole, na nakushukuru kwa kuwa na rafiki mwenye subira iliyofichwa chini ya makelele. Alisema ulikuwa unarekebisha namba za uanachama za wakulima wa Kikwe, na mtu akianza kurekebisha, kanzidata inamshikia yale majina ili mwingine asiyaharibu, mpaka mwenyewe aseme nimemaliza. Wewe hukusema. Mashine yako inawaka, waya wake uko mzima, kwa hiyo boksi linaamini bado upo, unafikiri. Linakungoja kwa adabu. Karani wa Kikwe akiandika lita za mtu wako, anawekwa foleni nyuma yako. Akifungua tena, foleni inaongezeka, anashika mlango mwingine, hadi milango imekwisha na wa vituo vingine hawana pa kupita. Mchana wakichoka na kufunga simu, foleni inavunjika na milango inafunguka, mpaka kesho yake.

Na aliyeilinda hiyo mashine isizimwe ni mimi. Nilikuwa nasimama mlangoni kama askari.

Nikamwuliza Faraja, basi si tuseme sisi kwamba umemaliza? Akasema inawezekana, kuna neno moja tu la kuandika. Lakini ulikuwa umefika katikati. Wengine wana namba mpya, wengine wana za zamani, na kuna watu wawili sasa wana namba moja. Tukikubali hivyo ilivyo, maziwa ya mmoja yataingia kwa mwingine, na wale walioshikana mashati watashikana shingo. Na kama hatukubali, tunaifunga. Basi kila ulichoandika asubuhi ile kinarudi nyuma kana kwamba hukukiandika. Nikasema, wewe si mtaalamu, mmalizie alipoishia. Akatikisa kichwa. "Naona alipofika. Sioni alikuwa anaenda wapi. Hiyo alikuwa nayo kichwani." Akapiga picha ya kioo chako kwa simu yake. Akasema kazi yenyewe mtu yeyote anaweza kuianza upya.

Mtu yeyote. Najua alitaka kunipa moyo.

Nikaenda kwa mama yako. Nilipanga maneno njiani, nikayapanga vizuri kabisa, yenye Maandiko ndani yake. Nilipofika akanipa kigoda, nikasema kwa kifupi tu kwamba ile mashine inabidi tufunge kile kilicho wazi ndani yake. Akaniangalia. Akasema, "Zablon, mtoto alisema hajamaliza." Nikasema ndiyo, dada. Akasema, "Basi mwache amalize." Mimi ambaye nimeshinda kesi ya mpaka wa shamba kwa kuongea tu mpaka balozi wa nyumba kumi akasinzia, nilirudia tu ndiyo, dada. Nikanywa chai yangu, nikaondoka.

Nikampigia Elisante. Akasema, "Mjomba, amueni nyie huko, mimi niko mbali," na nikasikia analia, nikakata kwa sababu na mimi nilikuwa karibu. Nikamwomba mwenyekiti atupe muda mpaka ukoo ukae. Akasema ng'ombe hawajui ukoo, wanakamuliwa kila siku, na watu wa mjini wanakuja wiki ijayo. Nikamwendea mchungaji, akaniombea.

Asubuhi iliyofuata nilishuka Kikwe mwenyewe, nione. Mama Upendo, yule mjane mwenye ng'ombe mmoja aliyepewa na kanisa, alikuwa kwenye foleni kabla ya jua kuchomoza vizuri. Alifunika dumu lake kwa majani ya mgomba yaliyoloweshwa, akawa anaongeza maji kila mara ili yapoe. Simu ya karani inazunguka. Jua likapanda. Hakumlaumu mtu. Alipofungua na kuonja kwa kidole, alitembea mpaka kwenye mihindi ukingoni mwa barabara, akamwaga pole pole, akasuuza dumu, akanisalimia, "Shikamoo Baba, poleni na msiba." Akaenda zake. Laiti angenitukana, Ndeshi.

Nikarudi Tengeru. Faraja alikuwa amekaa. Akasema hawezi kukugusa yeye, nimsamehe, ataniambia pa kubonyeza. Nilinawa mikono kwenye bomba la nje, sijui kwa nini. Nikakaa kwenye kiti chako, nikalisogeza sweta ili nisilikalie. Kidole hiki, ambacho nimekisifia mambo mengi, nikakiweka pale Faraja aliponionyesha. Nikakwambia kwa sauti, Faraja akisikia, "Mwanangu, naifunga. Unisamehe." Nikabonyeza.

Hakukuwa na kishindo. Ule mstari kwenye kioo ulikuwepo, halafu haukuwepo. Simu ya ofisini ikalia hapo hapo, karani wa Kikwe anapiga kelele, "Zimepita! Zote zimepita, Mzee Zablon, umefanyaje?" Nje nikasikia watu wanapiga makofi. Mzee Nderingo akapaza sauti dirishani, "Kumbe kweli ni fundi!" Ilikuwa nafasi ambayo nimeiomba maisha yangu yote, watu wote kunisifu kwa pamoja, na nilikaa tu nikiangalia ukuta.

Programu yako haifutwi. Mwenyekiti amewaambia watu wa mjini wasije. Hilo nilitaka ulijue, pengine ningeanza nalo. Faraja anakuja kila mwisho wa wiki. Amepanga kwamba simu ya karani ikiazima muunganisho iurudishe hata kama kazi imekwama katikati, na anayengoja akichelewa aambiwe ukweli ajaribu baadaye, asiongeze foleni. Na amepanga kwamba mtu akifungua sesheni, akaanza kazi, halafu akanyamaza kupita kiasi, boksi lenyewe litamfunga. Alinieleza akiwa na furaha, kwamba hiyo ndiyo kanuni nzuri, ndivyo hata wewe ungefanya. Nilikubali kwa kichwa. Ila nilipotoka nje nilikaa kwenye jiwe kwa muda, nikifikiri kwamba sasa hata boksi limejifunza kutokumngoja mtu.

Sisi bado.

Kuna jambo moja limebaki, na ndilo linalonishinda kabisa. Mama yako hajui. Laptopu yako bado inawaka, ile taa ya kijani iko pale pale, kwa sababu sikuzima mashine, nilifunga tu kile kilichokuwa wazi ndani. Jana alikuja. Alikaa kwenye kiti chake cha pembeni, akafuta vumbi. Akaniambia, "Leo nimesikia maziwa yamepita. Unaona? Tulimwachia, amemaliza mwenyewe." Alitabasamu, Ndeshi. Kidogo tu, upande mmoja wa mdomo, kama wewe. Nikafungua kinywa. Wewe unajua hadithi ninazoweza kutengeneza nikifungua kinywa. Ilikuwepo moja tayari, nzuri, ya jinsi nilivyoona vitufe vikibonyea vyenyewe. Ingemlaza usingizi mpaka Krismasi.

Nikafunga kinywa. Sikusema uongo, wala ukweli sikuusema.

Naona anakuja sasa hivi, yuko pale kwenye kona ya duka, kanga begani, anatembea kwa vile vihatua vyake vifupi. Naacha kalamu. Pumzika, mwanangu. Kama kuna mtu huko wa kukuitikia shikamoo, mwamkie na kwa niaba yangu. Nakuahidi kitu kimoja, nacho sijawahi kumwahidi mtu yeyote: nitamweleza dada yangu kama ilivyokuwa, kwamba hukumaliza, na kwamba aliyefunga ni mimi. Nitasema hayo tu, nisiongeze hata neno moja. Akilia, nitakaa hapo.

Mjomba wako,
Zablon